Mama Mvuke na Mwisho wa Nne

Dukani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Mvuke tu. Anasimama kwenye meza ya pasi, mvuke unapanda mpaka unamficha uso, halafu sauti inatoka humo kama mtu anayesema kutoka ndani ya wingu: "Nani kaniletea shati hili kola kavu?" Hapo kila mmoja anatafuta kazi ya kushika.

Ni duka la kufulia nguo, vyumba viwili vinavyofuatana. Cha mbele anakaa mwenye duka, kina kaunta na rafu za vifurushi vilivyo tayari. Cha nyuma ndicho chetu: mashine mbili za kufulia, beseni la wanga, kamba za kuanikia zinazopita juu ya vichwa vyetu, meza ya pasi karibu na dirisha, na meza ndefu ya kukunjia, ambayo ndiyo kazi yangu. Mwanangu hajaanza kutambaa. Analala kwenye kapu la taulo safi chini ya meza hiyo, akiamka namfunga mgongoni tunaendelea wote wawili. Anayefua ni Shangazi. Si shangazi wa mtu yeyote pale, ni mtu mzima tu mwenye mikono mipana na mdomo usio na breki. Anayepeleka vifurushi kwa wateja kwa baiskeli ni Kasi. Jina hilo alipewa kwa sababu hana.

Basi, ukiacha waume, wake na watoto ambao kila mtu alijaliwa na Mungu, wenzangu wale watatu kila mmoja alikuwa na mtu wake mwingine ndani ya simu ya Mama Mvuke.

Ngoja nieleze. Kwenye simu hiyo kulikuwa na mchezo wa hadithi unaoitwa Ghorofa ya Tatu. Si mchezo wa kukimbia na kuruka. Picha ya mtu inatokea, imechorwa vizuri mpaka mikunjo ya gauni unaiona, chini yake yapo maneno anayosema. Unagusa, anaendelea. Halafu inafika mahali hadithi inasimama na kukuuliza: sasa afanye nini? Yanakuja majibu mawili au matatu, na utakalogusa ndilo litakalokuwa. Ni mchezo wa watu wazima. Wenyewe wameandika mlangoni kabisa kwamba mtoto asiingie, na kweli humo ndani kuna mahali ambapo ukimsomea mama mkwe wako, utahama mji.

Hadithi ni ya Mjane. Bado kijana, mumewe kamwachia nyumba ya ghorofa tatu na funguo nyingi, na yeye anaishi ile ya juu. Chini kabisa kapanga Fundi Saa, mtu mkimya mwenye kidole kimoja chenye plasta siku zote. Katikati anakaa Daktari wa Meno, ana manukato, ana maua, ana maneno. Na kila Jumapili anakuja Shemeji, mdogo wa marehemu, eti kuangalia mabomba. Wote watatu wanamtaka Mjane. Anayeshika simu ndiye anayeamua Mjane acheke na nani, amfungulie nani, amnunie nani. Pembeni kumechorwa mioyo mitatu midogo, kila mwanamume na wake, unajaa akitendewa vizuri na kupungua akiudhiwa.

Mama Mvuke alikuwa wa Fundi Saa, wa kufa na kupona.

"Unampendea nini yule?" Shangazi alikuwa akimuuliza, mikono imezama kwenye povu. "Mwanamume hasemi! Katengeneza saa ya ukutani, kimya. Katengeneza kitasa, kimya. Anasubiri kibali cha serikali ndio afungue mdomo?"

"Ndiyo maana nampenda. Nyinyi mmezoea makelele."

"Mimi nataka mtu anayesema 'umependeza'. Daktari jana kamwambia Mjane hajawahi kuona tabasamu zuri kama lake."

"Shangazi, yule ni daktari wa meno. Alikuwa kazini."

Kasi akiwa anafunga kifurushi mlangoni, naye hakosi. Yeye ni wakili wa Shemeji. "Mnamwonea bure yule kijana. Ni damu ya marehemu. Anakuja kila Jumapili na kisanduku cha vifaa, anatoka jasho, hakuna anayempa hata maji ya kunywa."

"Kasi, yule anataka nyumba!"

"Nani hataki nyumba? Mimi hapa sitaki nyumba?"

Mimi nilikuwa nasikiliza. Kazi yangu inafaa kusikiliza. Shuka kubwa huwezi kulikunja vizuri peke yako, lazima mwenzako ashike pembe za upande wa pili, mvute, mkutane katikati, akupe pembe zake, mwachane, mkutane tena. Mama Mvuke akipata nafasi huja kunisaidia, na ndivyo nilivyoijua hadithi nzima, kipande kwa kipande, kila tukikutana katikati.

"Fikiria," ananiambia akija. Tunaachana. Anarudi: "Mvua inanyesha." Tunaachana. "Fundi Saa kasimama kwenye ngazi na mwavuli, anataka kumpa." Tunaachana, na hapo mimi ndiye ninayeharakisha miguu. "Kauacha mlangoni, kashuka zake. Hakubisha hodi hata kidogo! Mama kichanga, mtu wa namna hiyo utampata wapi?"

Shuka linatoka limenyooka kama karatasi. Akikunja na Shangazi siku waliyobishana, linatoka pembe moja ndefu, nalifungua tena mwenyewe bila kusema neno.

Na wasidhani watu ni sisi tu tuliokuwa hivyo. Mchezo una mashabiki wake, wana kundi lao kubwa kwenye simu, watu ambao hawajawahi kuonana, na kazi yao ni kubishana. Kuna mmoja aliandika maelezo marefu kuonyesha kwamba kwenye picha ya mwanzo Daktari ana pete kidoleni na baadaye haipo, kwa hiyo ana mke mahali. Mwingine akamjibu kwamba mchoraji alisahau tu. Walitukanana mpaka mwenye kundi akalifunga siku nzima ili wapoe. Mama Mvuke alikuwamo humo kwa jina lilelile, Mvuke, na akiandika kumtetea Fundi Saa watu wanajua maji yamechemka. Lakini ubishi mkubwa kuliko wote ulikuwa juu ya miisho. Mitatu ilijulikana, Mjane na huyu, Mjane na yule, Mjane na yule mwingine. Kulikuwa na watu walioapa kwamba upo na wa nne, umefichwa. Wengine wakawaambia, basi tuonyesheni. Hakuna aliyeonyesha.

"Hakuna cha nne," Mama Mvuke alikuwa akisema. "Mtu anaolewa na mmoja. Wa nne ataolewa na nani, na ngazi?"

Alikuwa anatusomea saa ya kula, simu kaisimamisha kwenye kopo la wanga. Sauti yake inabadilika kwa kila mtu. Daktari anamsomea puani, Shemeji anamsomea haraka haraka. Fundi Saa akitokea, anashusha sauti mpaka Shangazi anazima mashine ili asikie. Na zikifika zile sehemu za chumbani, Mama Mvuke anainua mkono: "Pazia!"

Pazia likitajwa, Kasi anatoka kwenda kuangalia upepo wa matairi, kwa heshima. Mama Mvuke anasoma kwa macho tu. Sisi tunamwangalia uso. Nyusi zinapanda, zinashuka, anameza mate, anapepea kwa kifuniko cha kopo. Halafu anatupa habari.

"Wamelala. Wameamka. Chai imepoa."

"Ndiyo hayo tu?" Shangazi anang'aka. "Umekaa dakika zote hizo unasoma 'chai imepoa'?"

"Nawahurumia. Kuna mtoto hapa."

"Mtoto kalala kwenye taulo! Na huyo mtoto unadhani aliletwa na posta?"

Nacheka mpaka namwamsha.

Sasa, Mama Mvuke ana binti mmoja. Alimlea peke yake kwenye meza ileile ya pasi, tangu binti akiwa analala kwenye kapu kama la mwanangu. Mumewe alifariki mapema, na yeye mwenyewe hasemi sana juu ya hilo, ila ukimwona anavyopiga pasi shati la kiume, kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono, unajua kuna shati moja alilolizoea. Binti huyo alipata nafasi ya kusomea ukunga kwenye chuo cha mbali. Masomo mengine wanatumiwa kwa simu, na asiye na simu atabaki nyuma. Mama Mvuke hakufikiria mara mbili. "Utachukua hii yangu," akamwambia mbele yetu. "Utaondoka Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa uje uichukue. Niachie tu nimalize hadithi yangu."

Simu ikiondoka, hadithi imeondoka. Hilo sote tulilielewa. Kwa hiyo wiki ile alikuwa na jambo moja tu la kutaka hapa duniani baada ya afya ya binti yake: amwone Fundi Saa akifungua mdomo, aseme anachosema, aoe, kabla ya Ijumaa.

Na alikuwa na wasiwasi. "Moyo wake haujai," aliniambia tukikutana katikati ya shuka. "Namtendea mema, kila siku. Namletea chai. Nacheka vichekesho vyake, na hana vichekesho. Asubuhi nikifungua nakuta umepungua. Sielewi."

Kosa moja tulikuja kulijua baadaye. Mchezo ule unakupa nafasi nyingi za kuhifadhi mahali ulipofika, ili ukikosea urudi. Yeye alijua nafasi moja tu, ile ya juu, na alikuwa anahifadhi hapohapo kila mara, juu ya ya jana. Kwake hakukuwa na kurudi nyuma. Kilichoguswa kimeguswa.

Jambo la pili niliona dalili zake, nikanyamaza. Simu ile ndiyo iliyokuwa simu ya duka pia. Kasi alikuwa akiondoka nayo na vifurushi, ili awapigie wateja akifika. Na Shangazi alikuwa na mazoea ya kuichukua kwenye rafu Mama Mvuke akienda kuongeza maji kwenye tangi, anasema, "Naangalia saa." Saa kubwa imetundikwa ukutani, mbele ya pua yake. Lakini mtu mzima akikwambia anaangalia saa, humuulizi ni saa ngapi.

Ijumaa ikafika. Mama Mvuke alikuja amevaa gauni lake la kijani, la kwenda kwenye harusi. Kasi akamuuliza, "Dada, umealikwa wapi?"

"Ghorofa ya tatu," akasema, akacheka kama msichana.

Tulimaliza nguo za asubuhi mapema. Shangazi akazima mashine. Nilimpakata mwanangu, Kasi akageuza ndoo akaikalia. Mama Mvuke akaisimamisha simu kwenye kopo, akajifuta mikono, akagusa.

Sura ya mwisho ilianza vizuri sana. Jioni, taa za ngazi zinawaka. Mjane kavaa vizuri, kaandaa meza. Wa kwanza kubisha hodi, Daktari. Shangazi akajiweka sawa. Wa pili, Shemeji, bila kisanduku cha vifaa safari hii. Kasi akakohoa. Halafu hatua za polepole zikapanda kutoka chini, na Fundi Saa akasimama mlangoni, kavaa koti, plasta kaitoa kidoleni.

"Kaitoa plasta," Mama Mvuke alinong'ona. "Mnaona? Kaitoa plasta."

Akagusa. Tukasubiri yaje majibu ya kuchagua. Hayakuja. Badala yake ile mioyo mitatu ikatokea katikati ya kioo, mikubwa, na yote mitatu ilikuwa imejaa nusu. Sawasawa, kama maji yaliyopimwa kwa kikombe kimoja.

Mama Mvuke alisoma, na kadiri alivyosoma sauti ikawa inamwishia. Mjane aliwamiminia chai wote watatu, palepale kwenye ngazi. Akamwambia Daktari, meno yangu ni mazima. Akamwambia Shemeji, mabomba ni mazima. Akamwambia Fundi Saa, saa yangu inakwenda vizuri. Asanteni, mlale salama. Akafunga mlango. Akavua viatu. Akafungua dirisha. Picha ya mwisho, ambayo hatukuwahi kuiona hata kwenye lile kundi, ilikuwa Mjane kalala kitanda kizima peke yake, miguu huku, mikono kule, pazia linapepea. Chini yake maneno matatu: Mwisho wa Nne.

Bomba lilikuwa linadondosha matone kwenye beseni.

"Nani," Mama Mvuke akasema taratibu, "ameshika simu yangu?"

Shangazi akaanza kutazama povu. Mimi nikamtazama mwanangu. Kasi akavumilia, akavumilia, akashindwa.

"Mimi nilimpa maji tu."

"Ulimpa nani maji?"

"Shemeji. Alikuwa na kiu, dada! Siku moja tu."

"Siku moja?"

"Jumapili za mwanzo. Na za katikati." Akakuna kichwa. "Na ile aliyosema mgongo unamuuma, nikamwambia Mjane amkande."

"Kasi!" Shangazi akaruka. "Msaliti mkubwa! Mtu anapewa simu apigie wateja, yeye anakanda watu migongo!"

"Shangazi, wewe nyamaza. Afadhali mimi. Wewe ulimfungulia mlango Daktari!"

"Nani kakwambia?"

"Nimeambiwa na nani, wakati nilipofungua simu nilimkuta chumbani! Yumo, kavua mpaka soksi! Nikamtoa."

"Ulimtoa?" Shangazi akashika kiuno. "Kumbe ni wewe! Mimi namwacha mtu mahali pazuri, nikirudi kuangalia yuko nje kwenye ngazi, kanuna, maua chini. Nilidhani ni mchezo una hitilafu!"

"Nilimtoa kwa adabu. Nilichagua lile jibu la 'samahani, kichwa kinaniuma'."

Mama Mvuke alikuwa anageuza uso kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. "Na mimi asubuhi," akasema, "namkuta Mjane kachoka, macho yamemvimba, Daktari kanuna, Shemeji anapiga mluzi, na Fundi Saa wangu kajifungia chini. Nikawa najilaumu mimi." Akanigeukia. "Na wewe, mama kichanga?"

"Mimi sikugusa, mama."

"Uliona?"

"Nilimwona Shangazi akiangalia saa."

Kasi alicheka mpaka ndoo ikapinduka naye. Lakini Mama Mvuke hakucheka. Alikaza midomo, akageukia pasi yake, akavuta shati la mteja kama ndilo lililomkosea. Nikaona mgongo wake kwenye lile gauni la kijani, na moyo wangu ukanyong'onyea. Furaha yote ya asubuhi ilikuwa imemshuka mabegani.

Hapo ndipo binti yake akaingia, begi begani, amekuja kuchukua simu. Alisimama mlangoni akitazama: Kasi sakafuni, Shangazi kashika kiuno, mama yake kampa kila mtu mgongo. Akaiona simu kwenye kopo, akaiona ile picha.

"Umefika mwisho wa nne," akasema. "Mama, kumbe upo kweli!"

"Nimefika wapi? Wameniharibia," mama yake akajibu bila kugeuka. "Wote hawa."

Binti akaliweka begi chini. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kukimbia na kubaki kwa pamoja. "Mama. Na mimi."

Sasa Mama Mvuke akageuka. "Na wewe! Wewe ulikuwa wa nani?"

"Sikuwa wa mtu. Jioni ukiwa jikoni nilikuwa nafungua nijifunze simu. Nikawa nasoma. Kila inapofika usiku kwenye hadithi, yanakuja majibu. Amfungulie huyu, ateremke kwa yule. Na chini kabisa kuna moja, apumzike kwanza. Nyinyi hamligusi hilo. Mimi nilikuwa naligusa."

"Kwa nini?"

"Nilimwonea huruma." Alisema hivyo akimtazama mama yake, si simu. "Tangu alfajiri anapanda ngazi na kushuka, funguo mkononi. Huyu anamtaka, yule anamtaka. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumlaza yule mwanamke."

"Kulala tumemlaza sana," akasema Shangazi.

"Peke yake, Shangazi."

Kwanza ilitoka pumzi puani kwa Mama Mvuke, halafu mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko kisicho na sauti kinachomtoa mtu machozi, mpaka akashika ukingo wa meza. Shangazi akaambukizwa, Kasi aliyekuwa ndio kwanza anainuka akarudi chini. Mwanangu naye akacheka kwa sababu watu wanacheka, na akaonyesha jino lake lote.

Binti akaituma ile picha kwenye kundi la mashabiki, kwa jina la Mvuke. Hata hajaiweka simu chini, ikaanza kulia. Ikalia, ikalia, haipumziki. Akawa anatusomea. Mmoja anasema ni picha ya kughushi. Mwingine anasema hapana, tazameni pazia, ni mkono wa mchoraji yuleyule. Mwingine kaandika kwa herufi kubwa tupu: NILISEMA UPO, MKANITUKANA. Na wote, wote, wanauliza jambo moja. Mvuke, umefikaje huko? Tupe njia.

"Tuwaambie nini?" binti akauliza. "Nani anakumbuka aligusa nini na lini?"

Tulijaribu. Kasi alisema maji yalitangulia. Shangazi akasema hapana, soksi zilitangulia. Wakaanza upya kugombana, nani kamtoa nani chumbani na mara ngapi, mpaka Mama Mvuke akainua mkono kama anayetaja pazia.

"Andika hivi," akasema. "Mpe simu kila mtu, na asijue mwenzake kagusa nini."

Binti akaandika hivyohivyo. Kundi likalipuka.

Wakati wa kuondoka binti akamshika mama yake mkono. "Lakini hujamwona Fundi Saa akisema. Ndicho ulichokuwa unataka. Nikuachie simu, nitaazima ya mwenzangu kule."

"Simu ni ya masomo." Mama Mvuke aliichukua, akaifuta kioo kwa mkono wa shati la mteja, likaingia wanga, ikabidi alirudie baadaye. "Wenzako watakuwa wanazalisha watu, wewe unazunguka kuomba simu? Chukua. Mchana ukipata nafasi, nipigie kwenye ile ya mwenye duka. Na ule."

"Nitakula."

"Na ulale."

"Mama," binti akasema, "wewe ndiye wa kuambiwa hilo."

Wakakumbatiana pale kati ya kamba, shuka mbichi zikiwagusa vichwani, na hatukuwatazama. Kila mmoja wetu alipata kitu cha kushika.

Jumatatu duka lilikuwa kimya. Wakati wa kula ulipofika, Shangazi alizima mashine kwa mazoea, akatazama kopo la wanga, halina kitu. Kasi kageuza ndoo kwa mazoea. Tukala tukitazamana kama watu waliofika kwenye sherehe wakakuta ilikuwa jana.

"Basi ndiyo imeisha hivyo?" Shangazi akasema. "Kalala tu? Hataamka?"

Mama Mvuke alikuwa anatafuna taratibu. Akameza. "Aliamka," akasema.

Tukamtazama.

"Jua limeshapanda. Akafungua macho, hajui ni saa ngapi, maana ile saa ya ukutani ilikuwa imesimama." Sauti yake ilishuka, ileile. "Akasikia hatua kwenye ngazi. Za polepole. Zikafika mlangoni, zikasimama."

"Kabisha hodi?" Kasi akauliza.

"Hajabisha. Kasimama. Halafu akasema." Mama Mvuke akanywa maji, akatuacha tuteseke. "Akasema: Mama mwenye nyumba, saa yako nimeisikia kutoka chini kwamba haisikiki."

"Kasema!" Shangazi akapiga kofi. "Yale yote kayasema yeye! Kwa mdomo wake!"

"Sasa chagueni. Afungue mlango, au aendelee kulala?"

"Afungue!" Shangazi, ambaye miezi yote ile alikuwa wa Daktari.

"Afungue," akasema Kasi. "Lakini Shemeji naye aitwe, si vizuri."

"Afungue, mama," nikasema na mimi, na nilijisikia mwili wote unasisimka, kama ndimi niliye nyuma ya mlango ule.

Mama Mvuke akatutazama mmoja mmoja, akakunja karatasi ya chakula chake pembe kwa pembe.

"Anaendelea kulala," akasema.

"Aa! Mbona umetuuliza?"

"Nimewauliza, nimewasikia. Alale kidogo. Yule pale nje namjua mimi, hana haraka."

"Huo ni wizi wa kura!" Shangazi alikuwa ameshasimama, kidole hewani. Kasi naye kasimama, anasema kama ni hivyo basi yeye anataka mchezo uanze upya tangu mabomba, na mwenye duka akachungulia kutoka mbele kuuliza kuna nini humo ndani, mteja anangoja kifurushi chake.